Mrejesho: yule babu wa Norfolk nimempata

Jamani habari zenu, niliwauliza kuhusu babu mzaa babu wa upande wa mume wangu, kwamba Biblia ya familia inasema kazaliwa 1812 halafu sensa ya Uingereza ya 1841 inampa miaka 25, nikajua ni watu wawili. Kumbe ni yule yule! Sensa ile watu wazima waliandikwa umri wa kushusha mpaka tano ya karibu, kwa hiyo mtu wa 29 anakuwa 25, mimi nimehangaika wiki tatu bure. Aliyeniambia nikaangalie ya 1851 ubarikiwe sana, pale kaandikwa 38 na parokia aliyozaliwa ipo, nikaenda rejista ya ubatizo nikamkuta, Aprili 1812, mwandiko kama kuku kapita lol. Cheti cha ndoa cha 1838 nacho nimeagiza kimekuja, kina jina la baba yake na kazi, kibarua wa shamba, na bwana harusi mwenyewe kasaini kwa alama ya X tu. Mume wangu alikuwa anajisifia ukoo wa mabwana wakubwa, siku hizi kimyaa.