Wakuu, kijiji kinaweza kukataa kuingizwa kwenye pori tengefu? (Liwale)

Mbwemkuru: Wakuu, msaada. Kijijini wamepita watu na GPS wakapaka miti rangi nyekundu, mpaka mikorosho ya watu. Wengine wanasema ni pori tengefu (eneo la wanyamapori ambalo matumizi yake yanadhibitiwa na serikali), wengine ushoroba, yaani mapito ya tembo. Kwa mtendaji hakuna barua. Tuanzie wapi?

Alama_ya_Mpaka: Rangi haitangazi hifadhi. Pori la akiba, ambalo ni hifadhi yenye ulinzi mkali zaidi, hutangazwa na Rais; pori tengefu na ushoroba, Waziri wa wanyamapori. Yote lazima serikali za mitaa zishauriwe kwanza, kisha amri itoke kwenye Gazeti la Serikali. Tena kifungu cha 16 cha Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 kinamtaka Waziri ahakikishe ardhi ya kijiji haimo ndani ya pori tengefu. Kwa hiyo toeni cheti cha ardhi ya kijiji na ramani yake. Angalizo: ramani za zamani zimepimwa kwa mfumo wa kuratibu uitwao Arc 1960, simu inasoma mfumo mwingine, WGS84. Msipobadilisha, mpaka utaonekana umehama kama mita 300, na mtabishana bure.

Mbwemkuru: Na wakitaka kuihamisha ardhi yenyewe, isiwe tena ardhi ya kijiji?

Bi Mkutano: Hapo ni kifungu cha 4 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Notisi huchapwa kwenye Gazeti, nakala inaletwa halmashauri ya kijiji, na Rais hahamishi kabla ya siku 90. Eneo likiwa chini ya hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji unaridhia au unakataa. Likizidi hapo mnapendekeza tu, Waziri wa Ardhi ndiye anaamua. Fidia ikubaliwe kabla ya kuhamisha. Na jamani, msisaini karatasi ya mahudhurio isiyo na kichwa! Kesho inabandikwa kwenye muhtasari wa kuridhia. Kila ukurasa uandikwe tarehe na ajenda.

Alama_ya_Mpaka: Kwenye fidia, kila mwenye shamba ahesabu mikorosho yake na umri wake kabla mthamini hajafika. Posho ya makazi ni kodi ya miezi 36, ila ardhi isiyokaliwa haipati hiyo wala usafiri.

Wakili wa Kusini: Tangazo likitoka bila kuwashirikisha, maombi ya kibali cha mapitio ya mahakama (mahakama ikague uhalali wa uamuzi wa serikali) yaingie Mahakama Kuu ndani ya miezi 6. Septemba 2023 tangazo la pori tengefu la Pololeti, kule Loliondo, lilibatilishwa kwa hoja hiyo hiyo. Lakini Rais alikuwa ameshatangaza pori la akiba kwenye eneo hilo hilo, kwa hiyo kagueni matangazo yote, siyo moja.

Mbwemkuru: Nimeelewa. Cheti kipo kwa mwenyekiti, ramani ndiyo haionekani.

Alama_ya_Mpaka: Ombeni nakala ofisi ya ardhi ya wilaya, kwa barua yenye mhuri wa kijiji.