Ushauri: Katoni 60 za epo zimenifia stoo kwa sababu ya tafsiri yangu ya siasa. Mtu unajirekebishaje?

EpoZaMwanjelwa (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Niko Mbeya, nauza matunda Mwanjelwa, mwaka wa tisa huu. Naomba msicheke kwanza, mkimaliza kusoma ruksa.

Mnakumbuka Aprili mwaka huu wa 2025 Waziri wa Kilimo, Bashe, alipotangaza kuzuia mazao ya kilimo kutoka Malawi na Afrika Kusini. Malawi walitangulia Machi kuzuia vitu vyetu: unga, mchele, tangawizi, ndizi, mahindi. Afrika Kusini nao ndizi zetu wamezikatalia miaka na miaka. Kwa sisi wa matunda hilo halikuwa habari ya redioni tu. Epo nyingi mnazoziona zimepangwa piramidi pale sokoni ni za Afrika Kusini, zinaingilia Tunduma.

Siku ileile nikatoa hukumu. Mwaka wa uchaguzi huu, hii ni kiki, wanataka kuonekana wababe, haliondoki mpaka Oktoba. Nikaiandika kundi la ukoo, kundi la kikoba na kundi la wafanyabiashara. Kila aliyenijibu "umemaliza mkuu" nilimwona ana akili. Aliyepinga ni mmoja tu, shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtumishi wa halmashauri. Aliandika kwamba mambo ya namna hii mwisho wake huwa mezani, tusubiri. Nikamwita chawa, yaani mtu wa kujipendekeza kwa wakubwa, mbele ya wakwe zangu wote.

Kisha nikakopa kikoba milioni tatu, nikachanganya na zangu, nikazunguka kwa wenzangu nikikusanya katoni kwa bei iliyokwishapanda. Sitini. Nikawa nalala nahesabu faida ya Julai.

Zuio halikumaliza mwezi. Wakubwa wakazungumza, likaondolewa, magari yakashuka Tunduma kama kawaida na bei ikarudi ilikotoka. Baridi ya huku ikanidanganya kwamba epo zitakaa, nikang'ang'ania bei yangu. Zikaanza kunywea. Za mwisho nimewapa wenye nguruwe Iyunga, na hata wao walichagua.

Siombi namna ya kurudisha hela, kikoba nitalipa. Kinachonisumbua ni kichwa. Juzi nimepitia ujumbe wangu wa mwaka mzima kwenye yale makundi. Mafuta yakipanda, uchaguzi. Yakishuka, uchaguzi. Barabara ya njia nne ikikimbia, uchaguzi. Ikisimama, uchaguzi! Sijawahi kukosea hata siku moja, na bado nimelisha nguruwe epo za milioni. Mtu anajizuiaje kuona sababu moja kwenye kila kitu?

Mla_Kande

Katoni ngapi zimebaki? Nina nguruwe wawili, hawachagui.

MwalimuWaUyole

Mkuu pole. Kabla sijasema kitu, tucheze. Wengine pia karibuni. Nina kanuni kichwani mwangu. Namba 2, 4, 6 zinaifuata. Nitajieni namba tatu nyingine, nitajibu ndiyo au hapana. Ukishaijua kanuni, iseme.

EpoZaMwanjelwa

8, 10, 12.

MwalimuWaUyole

Ndiyo.

EpoZaMwanjelwa

20, 22, 24. Halafu 100, 102, 104.

MwalimuWaUyole

Ndiyo, na ndiyo.

EpoZaMwanjelwa

Kanuni ni kuongeza mbili. Mwalimu, mimi nimemaliza kidato cha nne bwana.

MwalimuWaUyole

Hapana. Siyo hiyo.

BintiTukuyu

5, 6, 90?

MwalimuWaUyole

Ndiyo.

BintiTukuyu

9, 4, 1.

MwalimuWaUyole

Hapana. Endelea dada, umefika.

BintiTukuyu

Namba zinapanda tu. Basi.

MwalimuWaUyole

Basi. Mchezo huu si wangu. Ni wa Mwingereza Peter Wason, aliufanya na wanafunzi London, akauandika mwaka 1960. Wengi walifanya kama mleta uzi: ukishapata wazo, unapeleka maswali ambayo unajua yatajibiwa ndiyo. Ndiyo tatu mfululizo, unafunga hesabu. BintiTukuyu ameuliza swali ambalo lingeweza kumuumbua, na "hapana" moja imemfundisha kuliko ndiyo zako zote.

Rudi kwenye makundi yako ya WhatsApp. Zile "umemaliza mkuu" ni 8, 10, 12. Na hiyo kanuni yako ya barabara ikijengwa uchaguzi, isipojengwa uchaguzi, haina namba inayoweza kukataliwa. Ndiyo maana hujawahi kukosea.

DerevaWaKasumulu

Mimi napita Kasumulu kwenda Karonga na Mzuzu miaka mingi. Mngetuuliza madereva msingepata tabu. Wamalawi hawana dola. Novemba 2023 walishusha kwacha yao kwa asilimia 44 kwa mpigo. Foleni za mafuta Mzuzu nimelala nazo, siyo kusimuliwa. Nchi ikikosa dola inaangalia kitu gani cha nje inaweza kukiacha, na ndizi za Tukuyu ni za kwanza kuonekana kwa sababu kila mtu anaziona barabarani. Halafu kuna wakulima wao wa ndizi. Migomba yao iliteketea kwa ule ugonjwa wa virusi unaodumaza majani juu, ndipo wakaanza kula za kwetu. Sasa wamepanda upya wanataka soko lao. Na wao pia wana uchaguzi, Septemba. Uchaguzi wao mbona hukuutaja mkuu? Uliona wa kwako tu.

EpoZaMwanjelwa

Dereva, kweli tupu, hata sikujua kama na wao wanapiga kura mwaka huu.

Kisiki_cha_Mbozi

Mimi nilijua tu kwamba halimalizi mwezi. Nilisema.

EpoZaMwanjelwa

Ulisema wapi mkuu? Weka hapa tuone.

Kisiki_cha_Mbozi

Nilisema moyoni.

MwalimuWaUyole

Hahaha. Kisiki usione aibu, ni ugonjwa wa wote. Mwaka 1972 rais wa Marekani, Nixon, alikuwa anakwenda Beijing na Moscow. Watafiti wawili kule Israeli, Baruch Fischhoff na Ruth Beyth, wakawauliza wanafunzi kabla ya safari: hili lina uwezekano kiasi gani wa kutokea, na lile je? Safari zikaisha. Baadaye wakawataka wakumbuke walichojibu. Yale waliyoamini kuwa yametokea, wakakumbuka kwamba walikuwa wameyapa uwezekano mkubwa kuliko walioandika. Hawakuwa wanadanganya, kumbukumbu ilishajirekebisha yenyewe. Dawa ni karatasi tu. Andika kabla, weka tarehe na kiasi: "naona 70 kwa 100 halitaondoka kabla ya Oktoba." Ukiandika 70 unajikumbusha kwamba kuna 30, na mtu mwenye 30 kichwani hakopi kikoba chote.

MzeeWaIpogolo

Kamweneni. Nawasoma toka Iringa.

Vijana mnauliza "jambo hili lina maana gani?" Swali hilo ni tamu na ndilo linalowapoteza. Mimi huuliza mengine ya aina hii yaliishaje. Machi 2021 Kenya walizuia mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu. Huku kila kijiwe kikasema Wakenya wanatuonea. Sawa, lakini barua ile ilitaja Tanzania na Uganda. Kama ni chuki kwetu, Mganda alikosa nini? Zikapita siku chache tu, wakafungua kwa masharti ya vyeti na usajili. Zuio la jirani kwa jirani mara nyingi ni kugonga meza. Mtu akigonga meza, hutegemei agonge miezi sita.

Kisiki_cha_Mbozi

Mzee shikamoo. Hapo nakukatalia kidogo. Juni 2017 Waziri Mkuu Majaliwa alisema siku ya Idi mahindi hayatoki nje, labda uyasage kwanza. Lile lilikaa miezi, siyo siku. Sisi wa Songwe tulivuna vizuri, bei ikaanguka, gunia likawa mzigo kwa mwenye nalo. Wengine tuliweka tukisubiri mpaka likafunguliwa. Kwa hiyo "huwa yanaisha upesi" siyo msahafu.

MzeeWaIpogolo

Marahaba. Umenishika vizuri, na nakushukuru. Ila angalia, lile la 2017 tulijizuia wenyewe, hofu ilikuwa chakula cha ndani. Halikuwa na mtu wa kukaa naye mezani. Hili la Aprili lilikuwa jibu kwa mwingine. Mbili hizo siziweki kapu moja. Kabla ya kulinganisha lazima ujue unalinganisha ndizi na ndizi.

Mla_Kande

Au epo na epo.

Sauti_ya_Mafiati

Naona uzi umegeuka darasa la kutetea wakubwa. Mnataka kutuambia siasa haikuwemo? Mwaka wa uchaguzi kila waziri anapima maneno yake kwa kura, mnalijua hilo. Hizi habari za "sababu ni nyingi" ndizo zinazotumika kila siku ili asiwepo wa kuulizwa. Bei imepanda, sababu ni nyingi. Dawa hakuna, sababu ni nyingi. Mleta uzi usikubali wakuoshe ubongo. Ulikosea siku, hukukosea sababu.

BintiTukuyu

Huyu asipuuzwe jamani, ana hoja. Nikikuta mtu ananielezea sababu kumi na mbili bila kusema ipi ina uzito, najua ananizungusha.

MzeeWaIpogolo

Ana hoja, tena kubwa. Sauti, mimi sisemi uchaguzi haukuwemo. Pengine ndio unaoeleza kwa nini tangazo lilitolewa kwa sauti kubwa vile. Lakini sauti kubwa haikuambii zuio litakaa siku ngapi. Hayo ni maswali mawili. Kijana alipata jibu la swali la kwanza, akalitumia kununulia epo za swali la pili.

EpoZaMwanjelwa

Mzee, hiyo nimeisoma mara tatu.

Sauti_ya_Mafiati

Hapo nimekuelewa. Ila kura yangu iko palepale.

BintiTukuyu

Mimi hoja yangu ni shemeji. Hela zitarudi, lakini kumwita mtu chawa mbele ya wakwe! Kaka, ulijuaje kwamba alichoandika ndicho anachoamini, au kwamba kuamini hivyo kunamfanya chawa?

EpoZaMwanjelwa

Dada, ni mtumishi wa halmashauri. Angeandika nini kingine?

BintiTukuyu

Umejijibu mwenyewe. Kama asingeweza kuandika kingine, basi maandishi yake hayakuambii chochote kuhusu moyo wake. Na kama angeweza, basi huenda alikuwa anafikiri tu.

MwalimuWaUyole

Naomba nichomekee, hili nalipenda. Mwaka 1967 Wamarekani wawili, Jones na Harris, waliwapa watu insha za kumsifu au kumpinga Castro wa Cuba. Baadhi wakaambiwa wazi kabisa kwamba mwandishi hakuchagua upande, alipangiwa. Pamoja na hayo, aliyepangiwa kusifu walimwona ana mapenzi na Castro kuliko aliyepangiwa kupinga. Mazingira tunayajua na tunayasahau papo hapo. Mtu wa upande wetu akinyamaza tunasema kabanwa. Wa upande wa pili akinyamaza tunasema mnafiki.

DerevaWaKasumulu

Hata barabarani. Mimi nikipita pembeni nina haraka. Wewe ukipita pembeni huna adabu.

Kisiki_cha_Mbozi

Sasa mleta uzi, utafanya nini kwa vitendo? Maana nyuzi hizi huwa zinaisha hivihivi.

EpoZaMwanjelwa

Nimenunua daftari la kurasa 96. Nimeanza na kitu kidogo ambacho hakinigharimu epo: EWURA, wale wadhibiti wa nishati, hutoa bei za mafuta Jumatano ya kwanza ya mwezi. Usiku wa Jumanne naandika, itapanda au itashuka, kwa uhakika kiasi gani, kwa sababu zipi zaidi ya moja, na nikikosea nitakuwa nimeona nini. Marufuku kutumia neno uchaguzi mpaka niwe nimeandika jingine kwanza. Nitarudi.

MwalimuWaUyole

Hiyo "nikikosea nitakuwa nimeona nini" iandike kwa kalamu nyekundu.

*(Baada ya wiki tatu)*

EpoZaMwanjelwa

Wakuu nimerudi kama nilivyoahidi. Jumatano ya kwanza nimekosa. Nilijipa 80 kwa 100, nikaanguka. Nimefungua ukurasa wa Jumanne mara mbili nikitafuta mahali ambapo naweza kusema nilimaanisha kitu kingine, sikupaona. Mwandiko wangu mwenyewe. Nimekasirika kweli.

Mke wangu kalisoma daftari, kaandika utabiri wake pembeni kwa penseli. Yeye alipata. Nimemuuliza alitumia nini, kasema aliangalia ilivyokwenda miezi iliyopita. Basi.

BintiTukuyu

Na shemeji?

EpoZaMwanjelwa

Nilimpigia Jumapili. Nikamwambia shemeji, lile neno nalifuta, na nitalifuta kulekule kwenye kundi. Akakaa kimya kidogo, akaniuliza epo zimefikia wapi. Nikamwambia. Akacheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena akasema kundini nisiandike kitu, nitawakumbusha waliokwishasahau. Ila ile jeki yake ya gari niliyoazima mwaka jana aione kabla ya Ijumaa.

Mla_Kande

Andika daftarini: jeki kurudi kabla ya Ijumaa, 40 kwa 100.