MREJESHO: Yule niliyeuliza kama nitoroke na watoto

Wapendwa, nimerudi. Niliuliza nifanyeje: mume ananipiga, mahari haijarudishwa, kwetu wananiambia nivumilie. Niliondoka Geita na watoto wawili, sasa niko Morogoro na ninauza chakula.

Aliyenisisitizia nianzie dawati la jinsia polisi, Mungu akubariki. Nilipewa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, nikatibiwa, na ile karatasi ndiyo iliyonibeba mbele ya hakimu. Dada aliyesema nisikimbilie mahakamani kabla ya Baraza la Usuluhishi la kata naye alikuwa sahihi, maana Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka hivyo. Mume aliitwa, akagoma kuja. Baraza likanipa hati kwamba limeshindwa kutupatanisha. Mahakama ya Mwanzo ikavunja ndoa. Mahari hata haikuulizwa, ni wajomba tu waliokuwa wananitisha nayo.

Yaliyogoma: matunzo ya watoto yaliamriwa, ila analipa akijisikia. Nafuatilia ustawi wa jamii na mahakamani. Nyumba bado haijagawanywa, kiwanja kina jina la kaka yake. Mwanasheria wa msaada wa bure ameniambia kazi za nyumbani nazo huhesabiwa kama mchango wa mke kwenye mali za ndoa, Mahakama ya Rufani ilishasema hivyo mwaka 1983. Tunasubiri.

Walioniambia nirudi "kwa ajili ya watoto", salamu zenu nimezipata. Watoto wanalala usiku kucha sasa. Asanteni sana wote mlionijibu.