Naomba ushauri: mke wangu ameacha samaki na nyama

Assalamu alaikum ndugu zangu. Mimi ni mkazi wa Langoni, Lamu, na nimeoa miaka 4 iliyopita. Tangu Mfunguo Sita, baada ya Maulidi, mke wangu ameacha kabisa nyama, samaki, mayai na maziwa, na uamuzi wake ninauheshimu. Kinachoniumiza si chakula chenyewe, bali ni kwamba sisi tuliozoea kula sinia moja sasa tunakula mbalimbali: yeye na mbaazi zake za nazi, mimi na samaki changu wa kupaka, naye husogea hadi dirishani kwa sababu harufu ya samaki humchefua. Nyumbani tumeafikiana kupika wali mmoja na kutenga vitoweo, lakini Ijumaa tukienda kwa mama, yeye hula wali mtupu, na mama huona amedharauliwa. Isitoshe, ananyonyesha, na vitamini B12 haipatikani ya kutosha katika vyakula vya mimea, hivyo ninahofia afya yake na ya mwanetu. Je, mliopitia hali hii mlimwelezaje mzazi, na nimshauri vipi mke wangu akapimwe damu bila kuona kwamba ninamlazimisha arudie samaki?