Sura Mchina, ni Muislamu wa Kazakhstan, halafu anasema asili yao Xi'an, China. Imekaaje hii?

gaidi_wa_machame:
Wakuu habari za jioni. Niko Moshi, jana tumeshusha grupu la watu wa Kazakhstan. Mmoja wao sura Mchina kabisa lakini nyama hagusi mpaka amuulize mpishi kachinja nani. Pale kambi ya Barafu, Kilimanjaro, tukakutana na Wachina wenyewe, wakapiga naye stori kama wamezaliwa naye, dada mmoja akawa anacheka eti jamaa anaongea kama bibi yake wa kijijini. Sasa kituko, akionyeshwa Kichina kwenye simu hasomi hata herufi moja, yeye anaandika kwa herufi za Kirusi! Nikamuuliza kwenu wapi, akasema Kazakhstan ila wazee wetu wa Xi'an. Hawa ni watu gani?

mzee_wa_noodles:
Mkuu huyo Mdungan, yaani kizazi cha Wachina Waislamu waliokimbilia upande wa Urusi. Mimi nilisoma Xi'an, ndo Chang'an ya zamani, mji mkuu wa enzi ya Tang (618-907). Waislamu walifika huko tangu hizo enzi, Waarabu na Waajemi wa biashara, wakaoa wakatulia, na vizazi vyao wapo kwenye hao Wachina Waislamu wanaoitwa Wahui. Mwaka 1862 vita ikalipuka mkoani kwao Shaanxi, Waislamu na utawala wa Qing, wafalme wa China enzi hizo, walikufa watu wengi mno na waliobaki vijijini wakakimbilia mkoa jirani wa Gansu, waliosalimika pale pale ni wale wa ndani ya kuta za Xi'an. Kundi la Bai Yanhu, kiongozi wa hao Waislamu, lilipigwa likisukumwa magharibi mpaka baridi ya 1877 wakavuka milima ya Tian Shan, na watoto na wazee kwenye barafu, wakaingia upande wa Urusi, iliyokuwa inatawala huko Asia ya Kati. Wengi walikuwa wakulima wasiojua kuandika Kichina ndo maana lugha ilibaki mdomoni tu, herufi wakaja kupewa na Wasovieti. Wa Shaanxi wengi wapo Masanchi na Sortobe, kusini mwa Kazakhstan.

binti_ngarenaro:
Kwahiyo huyo dada alikuwa anasikia Kichina cha karne ya 19, safi sana 😂 Mimi nimewahi kuona picha za harusi zao, bibi harusi kavaa hariri na viatu vya kudarizi mtindo wa Qing, na huko Xi'an kwenyewe hiyo haipo tena, mabinti wanavaa shela nyeupe kama sisi tu. Afu kuna msikiti wao Karakol, Kyrgyzstan, wa mbao, unasifika kwamba haukupigwa msumari hata mmoja, paa limepinda kama hekalu la Kichina.

mzee_wa_noodles:
@binti_ngarenaro Msikiti Mkuu wa Xi'an ndo hivyo hivyo, kuba hakuna, unapita ua baada ya ua. Kilichonishangaza ni kwamba mahekalu ya Wachina huwa yanatazama kusini, huu umelala mashariki-magharibi kwa ajili ya kibla.

sakina_mtu_kimya:
Mnausifia sana huo urithi ila mimi naona kuna kitu mnakiruka. Babu zao walifukuzwa kwa upanga, leo wakienda kutembea Xi'an wanapokelewa kama ndugu waliopotea kwa vile kuna biashara ya kwenda Asia ya Kati. Ingekuwa mimi ningeuliza kwanza makaburi yako wapi.

mzee_wa_noodles:
Hoja yako nzito na siipingi. Ila waliowafukuza ni serikali ya Qing, na hao Wahui wa mjini walikuwa wamefungiwa humo humo miaka yote ya vita. Ukoo ni mmoja, mtu akija kutafuta asili yake anaingia kwao, sio ofisini kwa mkuu wa mkoa.

gaidi_wa_machame:
Asanteni wakuu nimeelewa. Kumbe ndo maana kule juu alikuwa anakata chapati vipande vidogo vidogo anatumbukiza kwenye supu ya mbuzi, mpishi wetu akanuna akidhani haijaiva.

mzee_wa_noodles:
Hahaha hiyo ndo Xi'an yenyewe! Unapewa mkate mgumu na bakuli tupu, unaumega mwenyewe saizi ya punje ya mahindi, ukimega mapande makubwa muuzaji anakuangalia vibaya, ndo anamwagia supu ya kondoo. Mwambie mpishi aache kununa.