Hizi sheria kali za majimbo ya Marekani kwa wasio na makaratasi, kuna haki hapo?

Mgeni_Njoo
Wakuu, jana nimebishana na shem wangu mpaka chai ikapoa. Yeye anasema sheria kama ile SB 1070 ya Arizona ya 2010 iko sawa kabisa, polisi amekusimamisha kwa kosa lingine, akikutilia shaka anaulizia makaratasi, huna basi shauri yako, nchi ya wenyewe. Mi nikamwambia uhamiaji si ndo kazi ya serikali kuu, sasa jimbo linajiingiza vipi? Halafu hiyo shaka inatoka wapi kama sio rangi na lafudhi? Nisaidieni nisije nikawa nabisha tu.

Pwagu77
Hiyo hoja ya serikali kuu ilishafika Mahakama ya Juu mkuu. Juni 2012 waliangalia vipengele vinne vya hiyo sheria, wakatupa vitatu, kile cha kufanya kutokuwa na makaratasi ni kosa kwa sheria ya jimbo, cha kumfanya mzamiaji anayetafuta kazi awe mhalifu, na cha polisi kukamata bila hati ya mahakama akiwa na sababu ya kuamini mtu kafanya kosa la kumfukuzisha nchini. Wakaacha kile cha kuulizia makaratasi. Yaani ndo hichohicho mnachobishania 😂

MamaJunior
Mi siko upande wenu samahani. Wengine tumefuata foleni, ada tumelipa, alama za vidole, kupimwa, kusubiri miaka. Leo mtu kaingia na viza ya matembezi kaovastei halafu tuambiwe tumwonee huruma? Ila watoto waachwe wasome, hapo sibishi, na mahakama ilishasema hivyo tangu 1982 kwenye kesi iliyotoka Texas.

Kibarua_wa_Usiku
@MamaJunior sasa soma ya Alabama 2011, HB 56. Shule ziliambiwa zikague uhamiaji wa watoto wanaoandikishwa, wazazi wakaogopa wakawaficha nyumbani, hata watoto waliozaliwa hapohapo Marekani, ambao ni raia! Mashambani nyanya zikaozea kwenye miti maana wachumaji walishakimbia jimbo usiku usiku. Na kichekesho chenyewe, Novemba mwaka huohuo pale Tuscaloosa polisi wakamsimamisha mzungu kwenye gari la kukodi halina namba, mfukoni ana kitambulisho cha Ujerumani tu, wakambeba. Kumbe bosi wa Mercedes, kampuni yenye kiwanda palepale jimboni. Makaratasi yake yakaletwa akaachiwa. Sisi wabeba boksi nani atatuletea makaratasi kituoni?

Pwagu77
Mi kinachonikera ni mwajiri. Kuajiri asiye na kibali huku ukijua ni kosa kwa sheria ya serikali kuu tangu 1986, lakini anayelala rumande ni nani? Florida 2023 wakapitisha yao, mwenye wafanyakazi 25 na kuendelea lazima awahakiki wapya kwenye mfumo wa kompyuta. Mwenye 24 halazimishwi. Hesabu hiyo aliipiga nani?

MamaJunior
Hapo kwa mabosi nimekuelewa. Wakabwe wao kwanza. Foleni yangu lakini siisahau.

Mgeni_Njoo
Asanteni wakuu. Nimemtumia shem ile ya Mjerumani, kanijibu "si angetembea na leseni yake". Nimezima simu.