Acheni kutupotosha kuhusu nyambizi iliyoua askari wetu mwaka 1944

Wakuu, habari za muda huu.

Nimejizuia siku tatu nisiandike nikiwa na hasira, na hasira hazijaisha, kwa hiyo naandika hivyo hivyo.

Kuna chaneli moja ya historia kwa Kiswahili, ina wafuasi wengi sana. Wiki iliyopita wameweka video kuhusu meli ya Khedive Ismail. Wasioijua: ilikuwa meli ya kubeba askari wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Ilitoka Kilindini, Mombasa, tarehe 5 Februari 1944 kwenda Colombo, na tarehe 12 nyambizi ya Kijapani ikaipiga torpido, yaani kombora linalokwenda ndani ya maji, karibu na visiwa vya Maldives. Waliokufa ni watu 1,297. Wengi wao walikuwa wapiga mizinga wa Kikosi cha 301 cha Afrika Mashariki, na walikuwemo pia wauguzi. Kaka yake babu yangu alikuwa mle. Ndiyo maana niliwaita wanangu wakae tutazame pamoja.

Dakika ya pili tu nikaona mambo. Picha waliyoweka ni ya nyambizi ya nyuklia ya siku hizi, nyeusi, laini kama nyangumi. Msimulizi anasema nyambizi hiyo ya Kijapani ilitoka Penang, bandari ya Malaya, "ikiwa chini ya maji safari nzima, kwa kasi ya fundo 23", ikapiga, "ikatoweka bila kuonekana". Mwanangu mkubwa akaniuliza, "Baba, sasa wale wangeikamataje?" Nikazima.

Hakuna neno la kweli hapo. Nyambizi yenyewe ni I-27, ya aina ambayo Wajapani waliita B1. Urefu karibu mita 109, watu zaidi ya 90 ndani, mirija 6 ya torpido, yote omo, yaani mbele ya chombo. Juu ya sitaha ina mzinga wa sentimita 14. Mbele ya mnara aina hiyo ilijengewa banda la ndege ndogo ya kutua majini, na ndege ya mwenzake I-25 ndiyo iliyodondosha mabomu kwenye msitu wa Oregon, Marekani, Septemba 1942. Sasa nioneshe mzinga na banda la ndege kwenye ile picha yenu!

Fundo 23 ni kasi yake ikielea JUU ya maji. Fundo moja ni maili moja ya baharini kwa saa, kwa hiyo hapo ni kama kilomita 43 kwa saa. Ikizama, mwisho wake ni fundo 8, kilomita 15 hivi, mwendo wa mtu na baiskeli yake. Na hata hizo 8 haziwezi kuendelea kwa muda mrefu, betri inakauka. Ikitaka kubaki chini inajikongoja kwa fundo 3, na kwa mwendo huo inafika maili 96 tu. Gawanya mwenyewe: saa 32. Juu ya maji, kwa fundo 16, ilikuwa na uwezo wa kwenda maili 14,000. Maili 96 na maili 14,000, halafu mtu anakaa mbele ya maiki anasema ilikuwa chini ya maji safari nzima.

Mimi ni fundi wa injini za meli, mwaka wa kumi na moja huu. Siku moja kwenye boti ya abiria feni ya kuingiza hewa chumba cha injini ilizimika huku dizeli zikiunguruma. Nilitaka kutoka, mlango wa chuma ukanigomea. Haukuwa na komeo. Injini zilikuwa zinavuta hewa kwa nguvu hadi mlango ukanyonywa kwenye fremu yake, masikio yakaziba kama niko ndani ya kisima. Tulikuwa wawili kuusukuma ndipo ukaachia. Dizeli inakula hewa kuliko moto wa kuni. Sasa ifungie dizeli mita 50 chini ya bahari, hewa itatoka wapi? Ndiyo maana I-27 ikizama ilizima dizeli na kuendeshwa na mota za umeme kwa betri, na betri zikiisha lazima iibuke, iwashe dizeli, ichaji. Nyambizi karibu zote za vita ile zilikuwa hivyo. Ile ya Kijerumani iliyoogopwa sana Atlantiki, aina ya VIIC, ilikuwa na fundo 17.7 juu na 7.6 chini. Vilikuwa ni vyombo vya juu ya maji vyenye uwezo wa kujificha kwa muda. Hata umbo linasema hivyo: omo kali la kukata mawimbi, sitaha ya kusimama watu.

Nyambizi iliyojengwa kwa wingi ikiwa na kasi zaidi chini kuliko juu ni kama ile ya Kijerumani ya aina ya XXI: fundo 17.2 chini, 15.6 juu. Waliiondolea mizinga ya sitaha, wakalainisha mwili, wakaijaza betri. Zilizotoka doria ya vita kabla Ujerumani haijasalimu amri 1945 ni mbili tu. Ya kwanza ya nyuklia, Nautilus ya Marekani, ilianza kutembea kwa nguvu ya nyuklia Januari 1955. Miaka kumi na moja baada ya watu wetu kuzama!

Na uzito nao wameuchanganya, wanasema "tani 2,600 kwa mujibu wa wengine, 3,700 kwa mujibu wa wengine". Hakuna wengine hapo. Ni chombo kile kile: kikielea kinasukuma maji ya tani 2,600 hivi, kikifungulia matangi maji yaingie ili kizame kinasukuma 3,700. Tofauti ni maji yaliyoingia.

Mnaosema "ni namba tu, mkuu", soma hapa taratibu. Khedive Ismail ilizama kwa dakika zisizofika tatu. Waliobaki wakawa wanaelea. I-27 haikutoweka, kwa sababu haikuwa na mbio za kutowekea. Kwa fundo 8 manowari zinazosindikiza meli zinakufikia kabla hujamaliza kugeuka. Sona, chombo cha kusaka nyambizi kwa mwangwi wa sauti, ikaionesha iko chini ya watu wale wale waliokuwa wanaelea. Manowari za Kiingereza, Petard na Paladin, zikadondosha mabomu ya kulipukia majini, na watu wetu waliookoka torpido wakauawa na mabomu ya upande wao. Waliotoka hai ni 214.

Mabomu yakailazimisha I-27 kuibuka. Mizinga ya manowari ikashindwa kuimaliza. Paladin ikaenda kuigonga, ikaamriwa iache, ikakata kona kwa kuchelewa, na pezi la nyambizi, lile bapa la ubavuni la kuielekeza juu na chini, likaichana tumbo. Petard ikarusha torpido moja moja. Ya saba ndiyo iliyoipasua I-27. Siku hiyo hiyo!

Ukiipa fundo 23 chini ya maji, unafuta sababu ya wale watu kufa mara ya pili wakiwa majini. Ndugu yetu alikuwa ama ndani ya meli ama kwenye maji yale, hatutajua kamwe.

Niliandika maoni ya adabu kabisa chini ya video, na namba zote. Yakafutwa. Nikaandika tena, nikafungiwa. Nikatuma ujumbe, nikajibiwa "tengeneza ya kwako". Sitaki kutengeneza ya kwangu. Nataka mbadilishe picha, msome tena sehemu ya kasi, na muwaambie watazamaji kwamba I-27 ilizamishwa.

Mpaka naandika hapa video bado iko hewani, na ile picha bado ndiyo ya mbele.